Ua wa Minyaa Nilioung'oa Lambwe

Nakumbuka siku moja ambayo nimejaribu sana kuisahau, nikashindwa. Jua la Januari lilikuwa limekausha bonde la Lambwe hadi nyasi zikawa zinavunjika chini ya viatu, nami nilikuwa nimesimama mbele ya ua wa minyaa na karatasi mkononi. Mwanangu, nimesikia umepata kazi katika kitengo cha ardhi cha hifadhi ileile niliyoitumikia mimi mpaka nikastaafu. Watu wamekupongeza, na mimi nakupongeza. Lakini pongezi zangu zina uchungu ndani yake, na ni heri uuonje kwangu sasa kuliko uje kuupika mwenyewe baadaye.

Mimi si mtu wa Lambwe. Nilizaliwa Awendo, baba akikata miwa na mama akipalilia miwa, na nilipomaliza kidato cha nne niliapa kwamba sitaushika tena muwa ila kwa kuutafuna. Kazi ya hifadhi ilipotokea niliidaka kwa mikono miwili. Baada ya miaka miwili wakanifanya nyapara wa vibarua kumi na mmoja. Tulichonga njia za kuzuia moto kabla ya kiangazi, tukafunga upya nyaya pale nyati walipozikata, tukaziba mifereji iliyochimbwa na maji ya mvua, tukang'oa mimea isiyotakiwa. Mgeni akija humwona twiga. Hawaoni watu waliopigana na vichaka mwaka mzima ili yule twiga aonekane. Hiyo ndiyo kazi yetu, na nakuambia mapema usingoje kupigwa picha.

Mwaka ule msimamizi wa ardhi, mzee mmoja mpole, alikuwa amestaafu, na kiti chake kilikuwa wazi. Sisi manyapara watatu tulikitazama kiti kile kama paka wanavyotazama omena iliyoanikwa. Meneja alisema atamchagua mmoja wetu baada ya wafadhili kuja kukagua uwanda wa magharibi, mahali walipotaka kuwaleta wale swala wakubwa tunaowaita omoro. Uwanda huo ulikuwa sehemu yangu.

Meneja alinipa karatasi yenye orodha ya mimea. Hakuwa mtu wa kwetu, na hakuwa mtu mbaya. Alininyooshea kidole kuelekea kilimani akasema, "Owiti, kutoka hapa mpaka kule nataka kuona nyasi peke yake. Kila kitu ilipandwa na mtu, toa yote."

Katika orodha ile kulikuwa na mkonge, kulikuwa na miti ya ua ya kigeni, na mstari wa nne ulisema minyaa. Unaijua minyaa, ule mmea wa vijiti vya kijani wenye maziwa meupe yanayochoma macho, ambao kwa Dholuo tunauita ojuok. Na katikati ya uwanda wa magharibi kulikuwa na ua mmoja wa minyaa, umezunguka mviringo, mrefu kunishinda, na pengo moja tu upande wa chini.

Sasa nikueleze jambo ambalo zamani hakuna Mluo aliyehitaji kuelezwa. Nyinyi mmezaliwa kwenye nyumba za kupanga, mpangilio wa boma mnausoma kwenye simu. Kabla ya hifadhi kuwapo, watu waliishi katika bonde lile. Mbung'o waliwamaliza ng'ombe, ugonjwa wa kulala ukawaingia watu wenyewe, na wenye maboma wakahama. Boma lililohamwa tunaliita gunda. Nyumba huoza na kuanguka, lakini ua wa minyaa hauozi, unaendelea kukua hata bila mtu. Na ukisimama penye pengo la ua, yaani lango, ukatazama mbele moja kwa moja, hapo ndipo ilipokuwa nyumba ya mikayi, mke wa kwanza. Kulia kwa nyumba hiyo ndipo alipolazwa mwenye boma. Huhitaji kibao wala saruji. Ua na lango vinatosha kukuambia marehemu yuko wapi, hata zikipita mvua hamsini.

Basi mimi nilikuwa nimesimama palepale langoni. Nilitazama mbele, nikatazama kulia, nikaona rundo la mawe yaliyopangwa. Mwanangu, nilijua. Nataka ulishike neno hili kabla sijaendelea, kwa sababu kwa miaka mingi niliwaambia watu kwamba sikujua.

Tena nilijua hata jina. Alilala pale mtu aliyeitwa Ogola. Mjane wake, bibi tuliyemwita Nyar Ndhiwa kwa kuwa alizaliwa Ndhiwa, aliishi kwa mwanawe nje kidogo ya ua wa hifadhi. Kila mwaka kabla ya mvua za masika alifika getini na jembe dogo, na yule msimamizi mpole alimfungulia akaingia kulifagia kaburi la mumewe. Hapakuwa na karatasi, yalikuwa maelewano ya mdomo. Mwaka uliotangulia nilitumwa mimi kumsindikiza kwa ajili ya nyati. Nilibaki langoni huku yeye akiwa ndani anazungumza na mawe yake kwa sauti ya chini, na alipotoka alinipa njugu za kukaanga alizofunga kwenye leso, akaniita mjukuu wake, nami nikamwita dani, yaani bibi. Njugu zile nilizila zote njiani.

Kati ya vibarua wangu alikuwapo Okeyo, mtu mzima kunizidi, mzaliwa wa Lambwe. Alipoona nimeinua mkono kuwaonyesha pa kuanzia, alinisogelea.

"Nyapara, hii ni gunda," akasema. "Iko mtu analala hapa."

"Orodha haina neno gunda," nikamjibu. "Ina neno minyaa."

Akaweka panga lake chini polepole. "Basi andika jina yangu kwa wale hawakukuja kazi leo."

Nikaliandika. Wasemao asiyesikia la mkuu huvunjika guu walisema kweli, ila hawakusema kwamba wakati mwingine guu linalovunjika kwanza ni la mkuu mwenyewe. Mwisho wa mwezi Okeyo, aliyekuwa mkubwa wangu kwa umri, hakuitwa tena kazini, na sababu ilikuwa ule wino wangu.

Tulifanya kazi siku tatu. Vijana walijifunga matambara usoni kwa kuogopa maziwa ya minyaa, trekta likavuta visiki, ardhi ikapinduliwa mpaka usingejua ua ulipita wapi. Yale mawe nayo nikayapatia kazi. Barabara ya wageni ilikuwa imekatwa na kijito, na nilikuwa natafuta mawe ya kujengea kivuko. Nikayapakia yote kwenye tela, nikayapanga kwa mikono yangu, na kivuko kikatoka imara, nami nikajiona fundi. Meneja alipita juu yake na gari lake, akashusha kioo, akaniambia, "Safi sana, Owiti." Kikulacho ki nguoni mwako. Nguo ilikuwa ya Nyar Ndhiwa, na kunguni nilikuwa mimi.

Utaniuliza nilifikiri nini kuhusu yule bibi. Nitakuambia, ingawa naona aibu mpaka leo. Nilijiambia kwamba amezeeka, huenda mwaka huu asirudi.

Alirudi. Mawingu ya masika yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa ziwa, naye akaja na jembe lake, mgongo umepinda zaidi, ameshikwa mkono na mwanawe wa mwisho, Otieno. Otieno alikuwa tumboni baba yake alipofariki. Alikuwa sasa mtu mzima mwenye watoto, na hakuwahi kuonyeshwa kaburi la baba, maana kila mwaka alikuwa mbali kikazi. Bibi alinisalimu kwa furaha, akasema, "Mjukuu wangu, leo nimemleta huyu nimwonyeshe. Mimi miguu imekwisha. Nikishamwonyesha, nitakuwa nimemaliza kazi yangu."

Ningesema hapo getini. Maneno yalikuwapo kinywani. Badala yake nilichukua fimbo yangu, nikatangulia, nikawapeleka.

Tulipofika uwandani alisimama. Mbele yake zilikuwa nyasi changa, fupi na sawa, kutoka tuliposimama hadi kilimani, kama meneja alivyotaka. Alidhani tumepotea njia. Akageuka huku, akageuka kule, akakihesabu kilima kwa kidole, akatembea hatua kadhaa, akarudi. Otieno alimfuata nyuma. Mimi nilijifanya naangalia nyati, na nyati hawakuwapo. Nilimwacha mama mzee azunguke juani kwa muda ambao ungetosha kupika githeri, nikiomba achoke, aseme twende nyumbani.

Hakuchoka. Alikuja mbele yangu akaniuliza, "Owiti, lango lilikuwa wapi?"

Nikanyoosha kidole mahali popote tu. "Pale, dani. Na kaburi ni hapa, karibu na hiki kichuguu."

Alinishukuru, mwanangu. Alinishukuru, akapiga magoti, akafagia kwa kiganja, akamwambia Otieno apige magoti pia. Kisha akachukua jembe ili ainue udongo kidogo, kwa maana alitaka mwanawe aondoke nao. Jembe likagonga mwamba. Akasogea kidogo, akapiga tena, likagonga mwamba. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa na kina cha kidole kimoja.

Akalaza jembe chini. "Ogola alichimbiwa kuanzia asubuhi mpaka ng'ombe wakarudi," akasema, "na hakuna aliyegonga jiwe. Hapa si pake."

Akainuka, akanitazama.

"Minyaa iko wapi?"

"Tuliing'oa."

"Na mawe?"

Nikamwambia mawe yako barabarani, tumeyapita tulipokuja. Otieno alinijia na ngumi, na nasema kweli, nilitamani anipige. Mama yake alimzuia kwa neno moja tu, akaniuliza mimi, "Baba yako yu hai?"

"Yu hai, dani. Yuko Awendo."

"Siku akifa utamzika?"

"Nitamzika."

"Na utajua alipo?"

"Nitajua."

"Basi umetushinda," akasema.

Alikaa kitako kwenye nyasi. Alipozungumza tena hakupandisha sauti, na hilo ndilo limebaki masikioni mwangu. "Ungekuwa mgeni ningekusamehe leo hii. Mgeni hajui kusoma ua wa mtu. Wewe ulisimama langoni ukasoma, ukamaliza, halafu ukararua. Njugu zangu ulikula, Owiti."

Kwetu, mtu akizama ziwani na mwili wake usionekane, huzikwa tunda la yago badala yake. Ni tunda refu na zito, linaning'inia mtini kwa kamba yake, na likifunikwa udongo, mtu huyo huhesabiwa kuwa amelala nyumbani. Nyar Ndhiwa alisema, "Wangu amezama nchi kavu. Uniletee yago. Lisitoke kwingine, litoke ardhi hii mliyomficha, na lije kwa mkono wako wewe. Nitamzika kwa mwanangu, nimwambie neno langu, basi."

Miti ya yago ilijaa kando ya kijito, hatua chache kutoka kwenye kivuko changu. Lakini sheria ya hifadhi ilisema hakuna kitu kitakachotoka, hata unyoya wa ndege, bila kibali cha msimamizi wa ardhi, na kwa kuwa kiti chake kilikuwa wazi, kilitolewa na meneja. Kuomba kibali kungetaka nieleze sababu. Nikieleza sababu, nani angenipa kile kiti? Nikajiambia nitaomba wiki ijayo. Wafadhili wakaja, wakatembea kwenye nyasi zangu, wakafurahi. Nikajiambia nitaomba wakishaondoka. Mvua zikanyesha. Mara mbili Otieno alifika getini kuniulizia, na mara mbili nilimwambia askari aseme niko mbali huko ndani.

Barua yangu ya usimamizi ilitoka Mei. Sasa kibali cha kutoa kitu chochote cha ardhini kilikuwa kinatiwa sahihi na mimi mwenyewe. Siku hiyohiyo nikajiandikia kibali, nikachuma yago kubwa kuliko yote, nikalibeba begani kwa miguu mpaka kwa Otieno. Njiani nilijisikia mwepesi kwa mara ya kwanza tangu kiangazi. Nilikuwa nimepanga hata maneno ya kuomba radhi.

Nilipokaribia niliona turubai, na watu wamekaa kwenye viti vya kukodi, na vijana wamezama hadi kiunoni ndani ya shimo jipya. Nyar Ndhiwa alikuwa amefariki siku nne kabla.

Otieno alinijia langoni, mikono imejaa udongo. Alilitazama lile tunda, kisha akanitazama mimi. Hakuwa na hasira tena, na ningeivumilia hasira kuliko vile alivyonitazama.

"Mama alikungoja," akasema. "Kila asubuhi alikuwa anauliza kama kuna mtu amekuja na mzigo. Sasa hii nitazika nifanye nini? Mwenye alikuwa na neno la kumwambia baba ndiye huyu tunafunika."

"Niliweke wapi?" nikauliza, mjinga mimi.

"Weka hapo nje."

Nikaliweka nje ya lango, kando ya njia, nikarudi. Majuto ni mjukuu, wanasema, huja kinyume. Wangu alikuja akakaa, akazeeka pamoja nami.

Nilikuwa msimamizi wa ardhi kwa miaka ishirini na minane. Kazi ile ilinijengea nyumba Awendo na kuwasomesha watoto wangu, siwezi kuitukana. Lakini omoro hawakuletwa uwanda wa magharibi, si mwaka ule wala mwaka wowote. Mipango ilibadilika, wafadhili wakapenda sehemu nyingine, na zile nyasi nilizozisafisha kwa ajili yao zimerudiwa na vichaka. Okeyo nilikutana naye soko la Ndhiwa akiuza kamba za katani. Alinisalimu kwa heshima na kuniuliza habari za watoto. Nilinunua kamba nisizozihitaji, na sikuweza kusema neno nililokuwa nimelibeba. Kila siku ya kazi, asubuhi na jioni, nilipita juu ya mawe ya Ogola, kwa sababu kivuko kile nilikijenga vizuri mno, hakijabomoka hata leo.

Sasa sikiliza, mwanangu. Wewe umepewa tableti yenye ramani, na ramani hiyo inaonyesha kijito, ua wa nyaya, njia za moto na aina ya udongo. Ni kitu kizuri, usikidharau. Lakini upande wa kaskazini zimebaki gunda tatu, na kwenye ramani yako ni doa la kijani tu lililoandikwa vichaka. Mtu akikupa orodha, isome yote, kisha iweke mfukoni uisome ardhi. Ukiona jambo ambalo orodha haikulijua na wewe unalijua, mzigo ni wako, si wa aliyekuandikia. Usiseme "niliagizwa." Mimi nililisema neno hilo hadi likaisha ladha. Kibarua akiweka panga chini mbele yako, kabla hujaandika jina lake, muulize anaona nini. Na ukishakosa, kwa maana utakosa, wewe ni mtu, peleka yago lako siku hiyohiyo. Usingoje barua itoke. Barua hutoka, lakini anayekungoja huenda asifike siku hiyo.

Kabla sijastaafu nilizitembelea zile gunda tatu nikaandika kwenye daftari ni za nani. Mbili nimepata majina. Ya tatu sijui, na naambiwa kuna bibi mmoja huko Ndhiwa anayejua, naye haoni vizuri tena. Daftari nimekuwekea, lipo juu ya kabati langu. Lichukue Jumapili hii, Jumatatu uende kwa huyo bibi. Nasema Jumatatu, sisemi wiki ijayo.

Mungu wa baba zetu na akupe macho ya kusoma na mkono ulio mzito kung'oa. Ardhi ikujue kwa wema. Wenye kulala humo wasilitaje jina lako kwa uchungu, na siku mama wa mtu atakapokuuliza lango lilikuwa wapi, uweze kumwonyesha bila kumdanganya. Nenda, mwanangu, na baraka zangu ziende nawe. Na ukifika pale kwenye kivuko cha mawe, punguza mwendo.